SUV au Habari Njema? Mapitio ya Biblia mbili kwa anayejifunza kumtumaini Mungu bila kudai ishara

Ukiingia duka la vitabu vya Kikristo na kuomba Biblia ya Kiswahili, utaulizwa kubwa au ndogo, yenye zipu au isiyo na zipu, nyeusi au ya rangi. Suala la tafsiri huja mwisho, au haliji kabisa. Kwa wengi si hasara kubwa. Lakini yuko mtu ambaye ameomba miezi na miezi, hajaona kitu, na sasa anataka kujua Maandiko yanasema nini juu ya kumtumaini Mungu asiyejionyesha. Kwa mtu huyo tafsiri ndiyo ya kuanzia, kwa sababu aya zinazomhusu zimejengwa juu ya maneno machache sana: amini, sadiki, jaribu, ishara, bayana. Neno moja likikaa vibaya, msomaji hutoka na hatia asiyostahili, au na matumaini ambayo Biblia haikumpa.

Mapitio haya yanahusu Biblia mbili zilizozoeleka zaidi makanisani Tanzania na Kenya. Ya kwanza ni Union Version, inayoitwa SUV kwenye simu, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima 1952, baada ya kuunganisha kazi za watafsiri wa Unguja na wa Mombasa. Ya pili ni Biblia Habari Njema, BHN, iliyokamilika miaka ya 1990 kwa Kiswahili cha siku hizi. Tumezipima kwa kipimo kimoja: je, inamsaidia msomaji kuona tofauti kati ya mtu anayemwomba Mungu na mtu anayempa Mungu masharti? Huo ndio mpaka ambao Maandiko yenyewe yanauchora, na hauonekani kwa haraka.

Tuanze na Kutoka 17:1-7, kwa kuwa aya nyingine nyingi zinarudi pale. Waisraeli wako Refidimu, hakuna maji, wanagombana na Musa. SUV inafunga habari hiyo kwa swali lao: "Je! BWANA yu kati yetu au sivyo?" Sentensi hiyo ni fupi na inauma, na ukiisoma kwa sauti unasikia kabisa kwamba si ombi. Hapa hawasemi tena "tupe maji", kama walivyosema aya ya 2. Wanasema maji ndiyo yataamua kama Mungu yupo. Hapo SUV imefanya kazi nzuri sana. Tatizo lake ni msamiati ulio karibu na swali hilo: "mateto", yaani ugomvi, na "yu", yaani yuko. Kijana wa leo husoma "yu kati yetu" akadhani herufi zimeruka. BHN haina kikwazo hicho. Pia SUV inaandika jina la Mungu kama BWANA kwa herufi kubwa, wakati BHN inaandika Mwenyezi-Mungu. Hilo husaidia msikilizaji, maana sikio halioni herufi kubwa, na "Bwana" huweza kuwa mtu yeyote.

Kabla ya sura ya 17 kuna sura ya 16, yenye aya 36, na hiyo ni habari ya mana. Usiiruke. Watu walioshiba mkate kutoka mbinguni ndio hao hao waliouliza, muda mfupi baadaye, kama Mungu yupo. Maji walipewa hata hivyo, na kiu chao kilikuwa cha kweli. Hakuna aliyelaumiwa kwa kuwa na kiu. Msomaji mwenye shida halisi, ya hospitali au ya ada, anapaswa kuiona sehemu hiyo waziwazi, na Biblia zote mbili zinamwonyesha akisoma sura mbili pamoja.

Sasa Ebrania 11:1, ambapo SUV inashinda bila ubishi: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Neno lililobeba mzigo ni bayana. Limetoka Kiarabu, na huko ni neno la baraza la hukumu: ushahidi ulio wazi, kile ambacho mdai hutakiwa kuleta mbele ya kadhi. Kigiriki cha aya hiyo nacho kina neno la uzito huo huo, elenkosi, uthibitisho unaomfunga mtu. Watafsiri waliosikia Kiswahili cha pwani walichagua neno ambalo msomaji wa Mvita au Unguja angelitambua mara moja. Linageuza swali zima: unayedai bayana kabla ya kuamini, aya inakujibu kwamba imani yenyewe ndiyo bayana uliyopewa. BHN inasema "kusadiki kabisa mambo tusiyoyaona". Inaeleweka kwa kila mtu, lakini imeuhamishia uzito wote moyoni mwa msomaji. Neno kabisa hasa linaweza kumwumiza aliyechoka, kwa sababu anaanza kujipima: nimesadiki kabisa au nimesadiki nusu? Kwa aya hii tunapendekeza SUV, ukiandika kwa penseli pembeni: bayana, ushahidi.

Yohana 20:19-31 ni aya 13 tu, na ndiyo sehemu ambayo wahubiri huitumia vibaya kuliko zote. Tomaso anasema bila kuona na kugusa, "sisadiki hata kidogo". Siku nane baadaye Yesu anakuja. Angalia mpangilio: hamkemei kwanza, anampa mkono wake kwanza, tena anayataja maneno yale yale Tomaso aliyoyasema wakati Yesu hakuonekana chumbani. Maandiko hayasemi popote kwamba Tomaso aligusa. Kisha ndipo inakuja aya ya 29, "wa heri wale wasioona, wakasadiki." Aya hiyo inawatazama watakaokuja baadaye, yaani wasomaji, na si fimbo ya kumchapia Tomaso. Aya ya 30 na 31 zinaendelea kusema kwamba ishara zimeandikwa ili tuamini. Kwa hiyo asiyeona hakuachwa mikono mitupu: ana ushahidi wa walioona. Anayehubiri aya ya 29 na kufunga Biblia kabla ya 31 amekata nusu ya maneno.

Hapa SUV ina kasoro ya kitaalamu ambayo inafaa kujulikana. Katika kifungu hicho kimoja inatumia sadiki (aya ya 25 na 29) na amini (aya ya 27 na 31), wakati Kigiriki kinatumia mzizi mmoja muda wote. Kwa masikio ya Kiswahili maneno hayo mawili hayana umbali mkubwa, lakini ukitafuta "amini" kwenye simu, aya ya 29 haitatokea, na hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Kuna tatizo jingine la kutafuta: vitenzi vyetu huvaa viambishi mbele na nyuma. Kama programu yako inatafuta neno zima, "amini" haitakuletea "wakamwamini" wala "aaminiye". Andika maumbo kadhaa, moja moja, au tumia itifaki ya karatasi, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalimo, ambamo mtu amekwisha kukukusanyia.

Neno gumu kuliko yote ni jaribu. Kumbukumbu la Torati 6:16 inasema, "Msimjaribu BWANA, Mungu wenu, kama mlivyomjaribu huko Masa." Masa ndilo jina walilopewa mahali pale pa Kutoka 17. Yesu ananukuu amri hiyo katika Mathayo 4:7, akiwa juu ya kinara cha hekalu, anaposhawishiwa aruke ili Mungu athibitishe ahadi. Halafu Malaki 3:10, juu ya zaka, "mkanijaribu kwa njia hiyo". Msomaji makini husimama: tumjaribu au tusimjaribu? Kitenzi cha Kiswahili ni kimoja, na SUV haina maelezo ya kumsaidia. Wengine hujibu kwamba Kiebrania kina vitenzi viwili, nasa na bahani, na kwamba cha Malaki ni cha upole. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu Zaburi 95:9 inatumia vyote viwili juu ya kosa la Masa: "Hapo waliponijaribu baba zenu, wakanipima". Tofauti haiko kwenye kitenzi. Iko kwa aliyeanza. Katika Malaki Mungu ndiye anayealika, tena watu walioacha agano warudi kwenye agano. Katika Masa watu ndio wanaoweka sharti. Na Malaki inaposomwa kama mkataba wa biashara, toa kiasi hiki upate mara kumi, imegeuzwa kuwa Masa yenye bahasha.

Isaya 7:10-12 inaongeza ugumu, na tunaipenda kwa sababu hiyo. Mungu anamwambia mfalme Ahazi aombe ishara, hata iwe chini kabisa au juu kabisa. Ahazi anakataa, akisema hatamjaribu BWANA. Maneno yake yanafanana na ya Kumbukumbu la Torati, na bado nabii anamkasirikia. Sababu inapatikana 2 Wafalme 16:7-8: Ahazi alikuwa ametuma fedha na dhahabu ya hekalu kwa mfalme wa Ashuru amwokoe. Alikataa ishara kwa kuwa tayari alikuwa ametumaini kwingine. Kwa hiyo kutodai ishara peke yake si imani. Toleo lenye marejeo pembeni litakupeleka kutoka Isaya hadi Wafalme kwa sekunde chache. Lisilo na marejeo litakuacha ukimsifu Ahazi.

Hilo linatuleta kwenye kitabu chenyewe, karatasi na uzi. SUV huchapwa kwa namna nyingi. Nyingine zina marejeo na nyingine hazina, na jalada la nje halisemi kila mara. Ukiwa dukani, fungua Mathayo 4:7 utazame kama kuna alama ndogo inayokupeleka Kumbukumbu la Torati 6:16. Isipokuwepo, hiyo ni Biblia ya kusomea ibadani tu. Kisha inua ukurasa mmoja kwenye mwanga: maneno ya upande wa pili yakisomeka, macho yatachoka kabla ya dakika 20. Mwisho fungua Mwanzo 1, uweke mezani uachie mkono. Biblia iliyoshonwa hulala wazi au karibu na kulala. Iliyogandishwa kwa gundi tupu hujifunga yenyewe. Unaweza pia kutazama juu ya mgongo wa kitabu: ya kushonwa inaonyesha mafungu ya karatasi yaliyokunjwa, ya gundi inaonyesha ukuta mmoja ulionyooka. Zipu huilinda Biblia na vumbi la barabarani, ila ya chuma hushika kutu upesi pwani, na ikikwama huanza kukwaruza kurasa za Ufunuo.

Suala la gundi lina uhusiano na mada kuliko linavyoonekana. Watu wengi wakiwa na dhiki hufumba macho, hufungua Biblia popote, huweka kidole, na kusema hili ndilo neno la Mungu kwangu leo. Biblia ya gundi huvunjika mgongo mahali inapofunguliwa mara nyingi, na mara nyingi ni katikati, kwenye Zaburi. Tangu hapo itafunguka hapo hapo kila siku. Mtu hupata Zaburi ile ile Jumatatu na Alhamisi, akaona ni ishara ya ajabu, kumbe ni gundi iliyokauka. Hatusemi Mungu hawezi kumfariji mtu kwa Zaburi hiyo. Tunasema kwamba njia hiyo inamfundisha msomaji kudai jibu la papo hapo, na siku kidole kikiangukia orodha ya majina katika 1 Mambo ya Nyakati, anaondoka akidhani Mungu amemnyamazia. Programu za simu zina mtego unaofanana, neno la siku, aya moja iliyong'olewa shambani kwake. Lizime kwenye mipangilio kwa muda unaosoma mada hii.

Njia tunayoipendekeza inahitaji Biblia zote mbili, daftari, na dakika 20 kwa siku. Soma kifungu kwenye SUV kwa sauti, polepole. Kisha kisome kimoyomoyo kwenye BHN. Ndipo uchore safu tatu: nani alianza, Mungu au mtu, mtu aliomba nini hasa, na alifanya nini kabla ya kupewa, au baada ya kunyimwa. Usiandike mafundisho, andika majibu tu. Anza na Kutoka 16:1 hadi 17:7, halafu Mathayo 4:1-11, kisha Isaya 7:1-17 pamoja na 2 Wafalme 16. Waamuzi 6 ipe siku mbili. Gideoni aliomba ngozi ilowe na nchi ikauke, na asubuhi akaikamua akapata bakuli zima la maji. Halafu akaomba kinyume chake. Msomaji wa haraka huona kibali cha kudai ishara. Safu ya kwanza inamwonyesha jambo jingine: Mungu alikuwa amekwisha kumwita na kumwambia la kufanya, na Gideoni mwenyewe, aya ya 39, anaomba asikasirikiwe. Mungu alimvumilia. Kuvumiliwa si sawa na kuagizwa.

Danieli 3 haina budi kusomwa hadi aya ya 18. Vijana watatu wanasema Mungu wao aweza kuwaokoa, na mahubiri mengi huishia hapo, kwenye aya ya 17. Maneno yanayohusu mada yetu ni "Bali kama si hivyo", na SUV imeyatoa kwa ukavu unaowafaa watu wanaozungumza mbele ya tanuru. Habakuki 3:17-19 ni ndugu yake: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo na ng'ombe vinatajwa kimoja kimoja kuwa havitazaa au havitakuwepo, ndipo inakuja "Walakini nitamfurahia BWANA". Kwa shairi hili pia chukua SUV. Usomapo kwa sauti, pumua baada ya kila hasara, usizikimbilie ili ufike kwenye furaha.

1 Wafalme 19 isome yote, aya 21. Nabii Eliya yuko mlima Horebu: upepo, tetemeko, moto, na Mungu hayumo. Kisha "sauti ndogo, ya utulivu". Kiebrania hapo kinakaribia kusema sauti ya kimya chembamba, na tafsiri ya SUV imeshika nusu yake vizuri. Lakini usisahau aya ya 5 hadi ya 8: kabla ya sauti yoyote, Eliya alilishwa mkate na maji na akalala mara mbili. Aliye hoi asianze na mlima Horebu.

Kwa Wakatoliki, na kwa yeyote anayetaka kusoma zaidi, kuna chapa ya Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki na visivyomo katika Biblia nyingi za Kiprotestanti, na kwa mada hii inastahili kununuliwa hata kama una nyingine. Hekima ya Solomoni 1:2 inasema Mungu hupatikana kwa wasiomjaribu. Yudithi sura ya 7 na ya 8 ni somo zima: mji umezingirwa, maji yamekwisha, na mzee Uzia anawaahidi watu kwamba wataungoja msaada wa Mungu siku tano, usipokuja watajisalimisha. Yudithi anawauliza wazee wao ni nani hata wamwekee Mungu tarehe. Hakuna mahali pengine ambapo kosa la Masa limeelezwa kwa namba hivyo. Chapa hiyo ina pia Esta ya Kigiriki, yenye sala za Mordekai na Esta. Katika Esta ya Kiebrania, iliyo kwenye Biblia zote, jina la Mungu halitajwi hata mara moja. Soma kwanza ya Kiebrania, sura 10, ukitafuta mahali Mungu angeweza kutajwa na hakutajwa, mfano usiku mfalme alipokosa usingizi, 6:1. Ndipo ufungue ya Kigiriki uone wasomaji wa kale waliongeza nini na wapi.

Mwenye fedha ya Biblia moja tu anunue SUV iliyoshonwa, yenye marejeo, na asome BHN kwenye simu. Kufanya kinyume kunawezekana, ila aya ndefu za kusoma kwa sauti huharibika kwenye kioo kinachozimika kila baada ya sekunde 30, na ujumbe ukiingia katikati ya Habakuki umekwisha. Shusha tafsiri yako ukiwa na bando, kisha zima data. Kwa mzee, maandishi makubwa ni bora kuliko marejeo; marejeo atasomewa na wajukuu.

Marko 9:14-29 iweke karibu na mwisho, kwa ajili ya sentensi moja ya baba mwenye mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kwenye safu ya pili ya daftari, ndiyo sala pekee katika mpango huu ambapo mtu anaomba imani yenyewe. Biblia zote mbili zinaitoa vizuri.

Somo la mwisho ni Zaburi 88, aya 18, na lisomwe jioni. Mwimbaji anamlilia Mungu aya ya kwanza mchana na usiku, aya ya 9 kila siku, aya ya 13 asubuhi, na zaburi inaishia gizani bila jibu, katika SUV na katika BHN vilevile. Safu ya tatu ya daftari utaandika "aliendelea kumwita". Usivuke kwenda Zaburi 89 usiku huo. Funga kitabu hapo, na kama utepe wa alama umekatika, weka kipande cha karatasi, kisicho kinene, kwa maana kinene hufungua mshono.